Kupunguza Vitu Katika Nyumba Yenye Watoto: Mwongozo kwa Familia ya Vyumba Viwili

Mwongozo huu ni kwa mzazi anayeishi katika nyumba ya kupanga, chumba na sebule au vyumba viwili na sebule, kama walivyo wengi wetu hapa Dar es Salaam, akiwa na watoto wawili, watatu au zaidi, na pengine bibi yao au shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi. Sitamwambia mzazi huyo atupe kila kitu asichokipenda. Aliyewahi kuamka saa nane za usiku kukinga maji kwa sababu mabomba yametoka baada ya siku tatu anajua kwa nini nyumba zetu zina ndoo saba, na ndoo hizo zina haki ya kuwapo. Vitu vingine vingi havina haki hiyo, navyo ndivyo tutakavyoshughulika navyo.

Anza na hesabu ya kodi. Tuchukue mfano wa vyumba viwili vinavyolipiwa Sh 200,000 kwa mwezi, yaani Sh 100,000 kwa kila chumba. Ikiwa theluthi ya chumba kimoja imeshikwa na viroba, mabegi yasiyofunguliwa na viti vilivyovunjika miguu, basi unalipa takriban Sh 33,000 kila mwezi, karibu Sh 400,000 kwa mwaka, kwa ajili ya kuvilaza vitu hivyo ndani wakati watoto wanalala watatu kwenye godoro moja. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, unazilipa fedha hizo kabla hata hujajua kama kitu chochote kati ya hivyo kitatumika.

Baada ya hesabu hiyo, kila kitu kipimwe kwa swali moja: siku nitakapokihitaji, nitakipata kwa nani, baada ya muda gani na kwa shilingi ngapi? Sufuria kubwa ya kupikia pilau ya watu hamsini ipo kwa jirani, au inakodishwa pamoja na viti na maturubai ya shughuli, kwa hiyo haina sababu ya kukaa kwako mwaka mzima ikisubiri Maulidi au komunyo. Chandarua cha akiba, kinyume chake, huwezi kukiazima usiku ambao mtoto amekitoboa kilichopo. Kinabaki.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kutazama tu

Usiguse kitu kwa siku saba. Chukua daftari na uandike mambo matatu kila siku: mahali vitu vinaporundikana kufikia saa mbili usiku, kitu ambacho mtoto alikitafuta asubuhi huku gari la shule likipiga honi, na vitu vinavyohamishwa ili watu wapate pa kulala. Jambo hili la tatu ndilo lililonifumbua macho. Kwetu godoro la watoto lilitandikwa sebuleni kila usiku, na kila usiku begi lilelile la bluu lilitolewa kwenye kona likawekwa juu ya kochi, asubuhi likarudishwa konani. Siku ya nne nililifungua. Lilikuwa na mapazia mawili ya nyumba tuliyohama, chaja tano ambazo hakuna aliyejua ni za simu zipi, na fulana tatu za kampeni za uchaguzi. Tulikuwa tumelibeba begi hilo mara mbili kwa siku kwa zaidi ya mwaka.

Hatua ya pili: anza na vyako, si vya watoto

Wazazi wengi huanza kwa kuwaambia watoto wapunguze midoli, ilhali kapu la midoli ni dogo kuliko uvungu wa kitanda cha wazazi. Mtoto huliona hilo. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza toa kila kilicho uvunguni, kilicho juu ya kabati na kilicho nyuma ya mlango, ukitandaze uani au sebuleni mahali watoto watakapokiona, nao wakuone ukiamua.

Kundi gumu katika vitu vya wazazi ni sare za shughuli: vitenge vya harusi ya binamu, kanga za msiba, gauni la kamati ya kitchen party lililoshonwa kwa siku moja na kuvaliwa kwa saa sita. Huwezi kuvigawa hovyo kwa sababu vina majina ya watu ndani yake. Nilichofanya ni kubakiza sare za watu wa karibu kabisa, na nyingine nikampelekea fundi cherehani azikate. Kitenge kimoja cha yadi nne kilitoa kaptula mbili za kushindia na foronya mbili, na hakuna shangazi aliyewahi kukasirika kwa kuona sare ya harusi yake imelaliwa na wajukuu.

Simu mbovu, betri zilizovimba na redio isiyolia visiachwe kwenye droo ambayo watoto wanaifikia, wala visichomwe pamoja na taka za uani. Wapelekee mafundi wa simu, ambao hununua au huchukua mbovu kwa ajili ya vipuri. Hati za ndoa, mikataba ya kupanga na risiti za kodi usizipunguze leo. Zina hatua yake.

Vitu vya mwenzako ni vya mwenzako. Vivyo hivyo sanduku la bibi, hata kama limejaa vitambaa vilivyoliwa na mende. Mwulize anakotaka likae, na lisiguswe tena.

Hatua ya tatu: nguo za watoto zihesabiwe kwa siku za kufua

Idadi ya nguo anazohitaji mtoto haitokani na ukubwa wa kabati bali na ratiba ya kufua. Ukifua Jumatano na Jumamosi, kipindi kirefu kati ya kufua na kufua ni siku nne, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano. Mtoto anahitaji nguo za kushindia za siku nne, na moja ya ziada kwa siku atakayojimwagia uji. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka, kwa hiyo ongeza mbili. Jumla ni saba, na zaidi ya hapo ni nguo ambazo mtoto atazivuta kutoka chini ya rundo, ataliangusha rundo zima, na wewe utazifua tena zikiwa safi.

Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mashati mawili ya sare yanatosha ikiwa moja linafuliwa kila jioni ya pili, na la tatu linafaa masika. Sketi au kaptula mbili, sweta moja, soksi pea nne za rangi ileile ili moja ikipotea isiifanye pacha wake kuwa yatima. Viatu ni vya shule, ndala na vya kutokea. Nguo za kutokea ni mbili. Moja ikiwa imefuliwa, nyingine iko tayari kwa Ijumaa, Jumapili au msiba wa ghafla.

Nguo za kurithishana ndizo hujaza nyumba. Hakuna ubaya kuzitunza, maana mtoto wa pili atazihitaji na mtumba mzuri wa Karume hauokotwi, lakini kiasi kiwekewe mpaka wa chombo: begi moja kati ya mtoto na anayemfuata, likijaa halifutuliwi. Nguo iingie humo ikiwa imefuliwa, imekauka kabisa na imeshonwa vifungo, kwa sababu isiyo na kifungo leo haitajiotea kifungo baada ya miaka miwili. Juu ya begi bandika karatasi yenye umri wa kuvaliwa, kwa mfano "miaka 4 hadi 5", na siku mtoto mdogo anapofikisha miaka minne begi lifunguliwe lote. Waliokwisha kufunga uzazi wazitoe nguo za mtoto mchanga sasa, wakibakiza moja au mbili za kumbukumbu. Kuna mama anayejifungua wiki hii karibu nawe.

Hatua ya nne: vitu vya kuchezea, na kosa nililolifanya

Wakati fulani nilivisafisha vitu vya kuchezea vya watoto walipokuwa shuleni. Miongoni mwa nilivyovitupa kulikuwa na gari jekundu la plastiki lenye magurudumu matatu, ambalo kwa macho yangu lilikuwa taka. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka minne, alilitafuta wiki nzima. Hakuwa akiliendesha, alikuwa akiligeuza juu chini na kulitumia kama pasi, akinyoosha leso za bibi yake kwenye stuli. Baada ya hapo alianza kuficha vitu chini ya godoro: vifuniko vya soda, kalamu zilizokwisha wino, mfupa wa kuku. Mtoto aliyeibiwa hujifunza kulimbikiza, na hapo mzazi hupata kinyume cha alichokitaka.

Kwa hiyo fanya naye. Mpe kila mtoto beseni moja la ukubwa wa wastani, mwambie achague vinavyobaki na si vya kutupa. Maneno hayo mawili kwa mtoto ni mambo tofauti kabisa. Aliye chini ya miaka mitatu hawezi kuchagua, basi mchagulie. Wa miaka mitatu hadi sita mwekee viwili mbele yake aamue kimoja. Wa miaka saba na kuendelea mwachie beseni lake na umpe muda hadi magharibi. Vilivyozidi lakini bado vinapendwa vitie kwenye beseni la pili juu ya kabati, na baada ya wiki tatu yabadilishane. Utashangaa jinsi mdoli wa zamani anavyopokewa kama mgeni kutoka safari.

Gari la waya, mpira wa makaratasi uliofungwa kamba na mwanasesere wa gunzi havihesabiwi katika beseni. Hivyo hutengenezwa, huchezewa, huchakaa na kutengenezwa upya, na makazi yake ni uani. Aidha, katika nyumba ndogo ambamo mtoto hana hata ukuta wake mwenyewe, mpe kiboksi cha viatu ambacho hakuna mtu atakifungua. Sharti ni moja: chakula kisiingie, kwa sababu ya panya na sisimizi.

Unapopitia vitu hivyo, angalia vinavyotumia betri. Zile betri ndogo bapa zinazofanana na sarafu, ambazo hukaa ndani ya midoli inayoimba na rimoti, ni hatari kubwa: mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu. Mdoli ambao kifuniko chake cha betri kimepotea uondoke siku hiyohiyo, na ukishuku mtoto amemeza betri, nenda hospitali mara moja bila kusubiri aanze kulalamika.

Hatua ya tano: karatasi

Madaftari ya mwaka uliopita hayana budi kuondoka mwezi Desemba. Kata kurasa nyeupe zilizobaki, zishone kwa uzi katikati upate daftari la mazoezi ya hesabu nyumbani. Kurasa zilizoandikwa huwashia jiko la mkaa. Wapo wanaoziuza kwa wauza karanga na vitumbua ili wafungie, lakini mimi sizipeleki huko, kwa sababu mafuta ya moto hufyonza wino na anayekula ni mtoto wa mtu. Bakiza daftari moja kwa kila mtoto kwa kila mwaka, lile atakalolichagua mwenyewe.

Picha anazochora zining'inizwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyofungwa ukutani. Kamba ikijaa, mwenye picha ataamua ipi ishuke.

Hati halisi ni jambo zito zaidi. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kadi ya kliniki, ripoti za shule na kadi ya bima vikae katika faili moja kwa kila mtoto, na mafaili yote katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali pa juu, kwa kuwa mafuriko ya Dar es Salaam huingia kwa chini. Wengi huitupa kadi ya kliniki mtoto anapoacha kupimwa uzito. Usifanye hivyo: ndiyo inayoonyesha kwamba alipata chanjo zake, pamoja na ile ya surua na rubella ya miezi 9 na ya miezi 18. Piga picha kila hati kwa simu na umtumie ndugu mmoja unayemwamini.

Hatua ya sita: jikoni na uani

Kila mtu awe na kikombe kimoja na sahani moja, vya rangi yake, anayekula akioshe chake. Nilipohesabu vikombe vya plastiki nyumbani kwa watu sita nilipata thelathini na kimoja, na vyote vilikuwa vichafu kufikia saa kumi, kwa sababu palipo na vikombe thelathini na kimoja hakuna anayeosha mpaka cha mwisho kitumike. Vyombo vya wageni vilivyo kwenye kabati la vioo vitoeni mvitumie. Kimoja kitavunjika, ndiyo, lakini hivi sasa vyote havitumiki, jambo ambalo sioni linavyozidi kuvunjika kwa kimoja.

Chupa tupu za maji na soda zinastahili uangalifu wa pekee. Zikirundikana jikoni, siku moja mtu huzitilia mafuta ya taa au dawa ya kufulia, na mtoto mwenye kiu haulizi. Dawa na mafuta ya taa vikae katika chombo kisichofanana kabisa na cha kinywaji, juu, na chupa zilizozidi mbili tatu ziuzwe.

Uani tafuta makopo, matairi, vyungu vilivyopasuka na ndoo zisizo na vifuniko. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika maji safi yaliyotuama kwenye vyombo kama hivyo, naye huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza nje ya chandarua. Mayai yake hung'ang'ania ukuta wa chombo na huweza kuhimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo haitoshi kumwaga maji. Chombo kinachobaki kisuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kisha kifunikwe. Kifuniko kina kazi nyingine: mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo iliyojaa nusu tu.

Hatua ya saba: vilivyochambuliwa vitoke

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Viroba vitatu, cha kuuza, cha kugawa na cha kutupa, husimama mlangoni wiki tatu, watoto huvichokonoa, na vitu hurejea ndani kimoja kimoja. Ukimaliza kuchambua Jumamosi, vyote viwe vimetoka kufikia Jumatatu jioni. Wanunuzi wa vyuma chakavu na chupa hupita mitaani na mizani zao. Waulize wawili bei ya kilo kabla ya kuuza. Kabla ya kupeleka nguo kwenye kituo cha watoto, piga simu uulize wanachohitaji, maana mara nyingi wana nguo za kutosha ila hawana sabuni.

Kilichochanika hakigawiwi. Kijijini si jalala, na ndugu aliyepokea kiroba cha soksi zisizo na kisigino anajua vizuri ulichomaanisha. Dada wa kazi aulizwe kwanza kama kuna anachokitaka, lakini asipewe nguo kuukuu mahali pa mshahara wake.

Hatua ya nane: mlango

Nyumba iliyopunguzwa itajaa tena katika mwaka mmoja ikiwa mlango haujawekewa utaratibu, na vingi vinavyoingia huletwa na watu wanaotupenda. Nilipojaribu kumwambia mama mkwe apunguze kuwaletea wajukuu nguo, aliniuliza, "Kwani nguo zangu hazifai?" nami nikakosa la kusema. Safari ya pili nilimwendea kwa njia nyingine: "Shikamoo mama. Nguo ya sikukuu ya watoto naomba uwe unaichagua wewe, kila mwaka, sisi tusiinunue." Tangu siku hiyo analeta moja kwa kila mjukuu, anaichagua miezi miwili, na hakuna anayethubutu kushindana naye. Mjomba tulimkabidhi viatu vya shule vya Januari. Shangazi anayefuga alimpa binti yetu tetea, anayeishi kwake na ambaye mayai yake huletewa taarifa kwa simu. Mpe kila ndugu nafasi yake na atajisikia ameheshimiwa, jambo ambalo kumkatalia haliwezi kulifanya.

Zawadi iliyokuja licha ya yote ipokewe kwa mikono miwili, mtoto aivae aliyeileta akiwapo, apigwe picha. Itakakokwenda baada ya miezi sita ni siri ya nyumba.

Tatizo la pili la mlango ni meza za machinga, zile za kila kitu elfu moja. Hakuna anayeona uchungu kutoa Sh 1,000, ndiyo maana sebule hujaa kwa elfu moja moja. Kwetu mtoto akitaka kitu cha mezani, elfu moja hiyo huingia kwenye kibubu chake, na kesho yake akikitaka bado tunarudi kukinunua. Mara nyingi harudii, na tumewahi kurudi kwa ajili ya filimbi ambayo tuliijutia wote.

Hatua ya tisa: robo saa ya jioni

Kabla ya chakula cha usiku, watu wote wa nyumba, baba akiwamo, wanarudisha vitu mahali pake kwa dakika kumi na tano. Wa miaka miwili au mitatu hutupia midoli kwenye beseni. Wa miaka mitano au sita hukunja nguo zake, kwa mikunjo yake mwenyewe ambayo hutainyoosha mbele yake, na hupanga viatu. Wa miaka minane na kuendelea huosha sahani yake na hufunga begi la shule. Wavulana nao wafanye hayohayo. Kaka anayeinua miguu ili dada afagie chini yake atakuja kuinua miguu nyumbani kwa mtu. Dada wa kazi ashiriki kuamua kila kitu kinakaa wapi, kwa kuwa ndiye anayeviona mchana kutwa, na utaratibu uliopangwa bila yeye hudumu hadi Jumatano.

Likizo za Juni na Desemba ndizo za kupitia kila kitu tena, na kazi ya mara ya pili huwa ya siku moja badala ya mwezi. Desemba, kabla ya kununua chochote cha mwaka mpya, kila mtoto ajaribu sare yake na viatu vyake. Kiatu kilichobana kihamie kwa mdogo wake au kwenye kiroba cha kugawa, na unyayo wa kila mmoja uchorwe kwenye karatasi kwa kalamu, kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Karatasi hizo ndizo za kwenda nazo Kariakoo, bila watoto.